Karatasi haimjui mtoto wako
Somo kwa vikundi vya kufuma: namna ya kurekebisha kielelezo cha kisibao cha kwanza



Mara nyingi katika kurasa hizi tunazungumza juu ya migogoro ya mashamba, uvumi na mgao wa misaada. Leo tunazungumza juu ya kisibao cha mtoto, yaani triko lisilo na mikono. Msidhani tumeacha kazi yetu. Mtaona kwamba uvumi na mgao vimo ndani yake pia, na ilibaki kidogo tu vituvunjie kikundi.

Wanaojua vilima vya Lubero wanajua baridi yake. Mwezi wa Juni 2024, vita vilipofika Kanyabayonga, familia nyingi zilipanda kuelekea kaskazini, zingine hadi Lubero na Butembo, na wengi walifika na nguo za mwilini tu. Mtu anayetoka Vitshumbi, kando ya Ziwa Edouard, amezoea mtoto kulala na shati moja. Huku juu shati moja halitoshi hata mchana wa mvua. Ndipo akina mama wenyeji wachache, waliojifunza kufuma tangu ujana wao, walipokubali kuketi pamoja na akina mama wakimbizi, ili kila mmoja afume kisibao kimoja kwa ajili ya mtoto wake. Sisi tulileta nyuzi, sindano, na karatasi moja yenye kielelezo.

Kosa letu lilianzia katika karatasi hiyo.

Jinsi karatasi ilivyotugombanisha

Karatasi ilikuwa rahisi sana. Kisibao cha mtoto wa miaka miwili: anzisha vitanzi 62 kwa sindano namba 4, fuma mpaka urefu wa santimetre 30, funga vitanzi. Fuma kipande cha pili sawa na cha kwanza. Shona mabegani na pembeni. Tuliisoma kwa sauti, tukaitafsiri, kila mama akaanzisha vitanzi 62, na sisi tukarudi ofisini tumeridhika.

Baada ya majuma matatu vipande vilipowekwa juu ya meza, hakuna aliyecheka. Vipande vya akina mama wengi wakimbizi vilikuwa vyembamba na vigumu kama mkeka. Kisibao cha kwanza kilichoshonwa kilimbana mtoto hata mikono ikabaki juu. Vipande vya akina mama wenyeji vilikuwa vipana na laini, na kimoja kingemtosha mtoto wa miaka saba. Vitanzi ni 62 kwa wote. Karatasi ni ile ile.

Maneno yalianza siku hiyo hiyo njiani. Wakimbizi walisema wenyeji walipewa nyuzi nyingi na nzuri, wao wakapewa mabaki. Wenyeji walisema wakimbizi waliuza sehemu ya nyuzi sokoni, ndiyo maana nguo zao ni ndogo. Mama mmoja alifumua kazi yake yote, akaviringa uzi, akaurudisha kwa prezida wa komite na kusema, "Baba, chukueni sufu yenu. Sikukimbia risasi ili nije kuibiwa na uzi." Hakurudi katika kikao kilichofuata.

Tuliomba mizani kwa muuza maharagwe, tukapima mabunda yaliyobaki mbele ya watu wote. Uzito ulilingana. Haikusaidia kitu. Mtu mwenye uchungu anajua kwamba mizani inaweza kuchezewa, na katika mgao wa chakula alishaona mizani ikichezewa.

Kilichosaidia ni wazo la mama mzee mmoja mwenyeji. Alimwita msichana mkimbizi aliyeketi karibu naye: "Njoo, mwanangu. Chukua uzi wangu na sindano zangu. Na mimi nipe zako." Kila mmoja akaanzisha vitanzi 20 kwa uzi wa mwenzake, wakafuma pale pale mbele yetu mpaka jioni. Kipande cha msichana, kwa uzi wa mwenyeji, kilikuwa na upana wa santimetre 8. Kipande cha mama mzee, kwa uzi wa mkimbizi, kilikuwa na santimetre 11. Watu walisogea wakavishika. Tulikuwa tunatafuta kosa katika mgao, kumbe lilikuwa katika vidole.

Ni jambo ambalo wafumaji wa siku nyingi wanalijua bila kulisema. Kila mkono una mkazo wake. Anayejifunza huvuta uzi kwa nguvu kwa sababu anaogopa vitanzi vitamtoroka. Aliyezoea huuacha uzi upite vidoleni. Tumeona pia kwamba mwenye mawazo mengi hukaza kuliko mwenzake, na kati ya wakimbizi ni nani asiye na mawazo? Basi karatasi iliyoandikwa na mtu mwingine, kwa uzi mwingine, iliandikwa kwa mkono wa mtu huyo. Nambari 62 ilikuwa kweli kwake yeye.

Kwanza uzi

Tuseme sasa namna ya kufanya, na tuanze na uzi, kwa sababu wengi wenu hamtapata mabunda mapya. Uzi wa bei nafuu zaidi ni triko la mtumba lililofumuliwa. Triko moja la mtu mzima lenye unene wa kawaida linaweza kutoa visibao viwili au vitatu vya watoto wadogo.

Lakini kabla ya kununua, ligeuze ndani nje na uangalie mshono wa pembeni. Ukiona kingo mbili nzima zilizounganishwa kwa uzi, kama kurasa mbili zilizoshonwa pamoja, nunua: ukikata uzi wa mshono, vipande vitaachana vizima na uzi wa kila kipande utafumuka mrefu. Ukiona kingo zimekatwa na kuzungushiwa nyuzi nyingi ndogo za mashine ili zisichanike, liache. Triko hilo lilikatwa kutoka kitambaa kikubwa, na ukilifumua kila mstari utakuwa uzi mfupi wa kujitegemea. Tulinunua mawili ya namna hiyo kabla hatujajua, na tukabaki na kikapu cha vipande visivyofaa ila kujaza mto. Liache pia triko la sufu lililooshwa kwa maji ya moto mpaka likashikana na kuwa zito kama blanketi. Halifumuki.

Anza kufumulia juu, pale kazi ilipofungwa. Uzi utatoka umejikunja kama nywele. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti au magoti ya mtoto mkubwa, ufunge sehemu nne kwa kamba ili usijichanganye, uuloweshe katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, uusuuze, kisha uutundike na kitu chepesi chini yake hadi ukauke. Utanyooka. Ukifuma na uzi uliojikunja, kipimo chako kitakudanganya, maana nguo itabadilika siku ya kwanza ya kuoshwa.

Kuna jambo la kuangalia kwa ajili ya usalama. Kata kipande kifupi cha uzi, ukichome mbali na watoto. Sufu ya kondoo hunuka kama nywele zilizoungua na huacha majivu yanayovunjika vidoleni. Uzi wa kiwandani wa namna ya plastiki huyeyuka na kuacha tone gumu. Uzi huo unafaa kwa nguo na unaoshwa kirahisi, ila mtoto aliyeuvaa asikae karibu na mbabula, kwa sababu cheche ya makala ikiangukia pale huyeyuka na kushikamana na ngozi.

Uzi ukiwa mwembamba mno, shika nyuzi mbili pamoja na ufume kana kwamba ni mmoja. Rangi zikiwa tofauti, panga mistari. Ila usichanganye uzi mnene na mwembamba katika kipande kimoja, hata rangi zikipendana, kwa kuwa kisibao kitakuwa na kiuno mahali usipotaka.

Sindano

Vijana wetu walitengeneza sindano kwa vyuma vya gurudumu la baiskeli. Ni werevu, na tunawasifu. Lakini chuma hicho kina unene wa milimetre 2 hivi, na namba 4 katika karatasi maana yake ni milimetre 4. Kwa chuma chembamba hivyo utafuma soksi nzuri. Kisibao kitakuchukua miezi na kitakuwa kigumu. Mwanzi uliokauka ni bora. Upasue, uuchonge kwa kisu, uusugue juu ya jiwe laini halafu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, mpaka uzi uteleze bila kunasa. Sindano mbili ziwe na unene mmoja. Na ukianza kazi na jozi moja, maliza nayo. Mama aliyeazima jozi nyingine katikati alipata kisibao chenye kifua kipana na tumbo jembamba, na mtoto wake ana umbo la kinyume.

Kipande cha jaribio

Hapa ndipo moyo wa somo, na hapa ndipo wengi wanaona tunawapotezea muda. Kabla ya kuanza nguo, anzisha vitanzi 20 tu. Fuma kila mstari kwa kitanzi cha mbele, kwenda na kurudi, bila kubadilisha, mistari kama 40. Mfumo huu ndio rahisi kuliko yote, haujikunji kingoni, na pande zote mbili zinafanana. (Kama hujui bado kuanzisha kitanzi, hatutakufundisha kwa maandishi. Keti karibu na anayejua, saa moja tu, uangalie vidole vyake.)

Kifue kipande kama utakavyofua nguo, kikauke, kiweke juu ya meza bila kukivuta, na upime upana wake katikati. Rula ya mwanafunzi inatosha. Andika: vitanzi 20 ni santimetre ngapi kwa mkono wangu, kwa uzi huu, kwa sindano hizi. Kimoja kati ya vitatu kikibadilika, kipimo kimekufa, fanya kingine.

Kisha mpime mtoto mwenyewe, wala si umri wake. Umri wa kwenye karatasi ni wa mtoto aliyekula vizuri miaka miwili. Zungusha kamba kifuani chini ya makwapa. Tuseme umepata santimetre 50. Ongeza 6 ili kisibao kipite juu ya shati na mtoto apumue: 56. Kwa kuwa kuna kipande cha mbele na cha nyuma, kila kimoja kitakuwa nusu, yaani 28.

Sasa hesabu moja tu. Chukua upana unaoutaka, uzidishe kwa 20, ugawanye kwa upana wa kipande chako cha jaribio. Msichana wetu anayekaza: 28 mara 20 ni 560, gawanya kwa 8, ni vitanzi 70. Mama mzee anayelegeza: 560 gawanya kwa 11, ni karibu 51. Aliyeandika karatasi alihitaji 62. Ni mtoto yule yule wa kifua cha 50, na mikono mitatu inampa nambari tatu, na zote tatu ni sawa.

Angalieni pia kilichotokea pale wote walipoanzisha 62. Kwa msichana kila kipande kilikuwa na karibu santimetre 25, na viwili pamoja 50, kipimo cha kifua bila nafasi hata ya shati. Kwa mama mzee kila kipande kilikuwa na 34, viwili 68. Hakuna aliyeiba uzi. Hesabu hii tuliiandika ubaoni mbele ya kikundi, na tunaamini ilisema kwa niaba yetu kuliko hotuba zote tulizokuwa tumetayarisha.

Kwa wasiosoma hesabu

Kuna akina mama ambao kuzidisha na kugawanya huwafanya waone haya, na mtu aliyeona haya hukaa kimya, halafu haji tena. Kwao kamba inatosha. Pima kifua kwa kamba, uongeze upana wa vidole vinne, ukate. Ikunje mara mbili. Nusu hiyo ndiyo upana wa kipande. Ilaze juu ya meza, uchukue kipande cha jaribio, uhesabu kinaingia mara ngapi katika kamba. Kila mara moja ni vitanzi 20, nusu ni 10. Cha msichana kinaingia mara tatu na nusu: 20, 40, 60, na 10, ni 70. Cha mama mzee kinaingia mara mbili na nusu na kidogo: 50, na kitanzi kimoja juu yake. Anayejua kuhesabu mafungu ya sombe sokoni anajua hesabu hii.

Na kuna njia nyingine ambayo sisi hatukuifahamu. Mama mmoja mkimbizi alituuliza, "Kwa nini hamuanzii pembeni?" Tulimtazama. Akaeleza kwa kuzungusha kipande chake robo duara. Ukianza chini na kupanda juu, upana unaamuliwa siku ya kwanza, na ukikosea huwezi kuurekebisha bila kufumua yote. Ukianza ubavuni na kwenda hadi ubavu wa pili, unachoamua siku ya kwanza ni urefu, na urefu unasamehe: kisibao kikizidi au kupungua santimetre tatu bado mtoto anakivaa. Upana unaukuta mwishoni, kwa kufuma tu mpaka kipande kilingane na kamba. Kwa mkono unaokaza utaanzisha vitanzi kama 75 kwa urefu wa santimetre 30, kwa unaolegeza 55, na hata ukikosea kidogo hakuna kilio. Zaidi ya hapo, mfumo huu huvutika zaidi kuelekea upande ambao kazi inakua, kwa hiyo kisibao kilichofumwa hivi hutanuka kifuani mtoto akinenepa. Sasa kwa wanaoanza tunafundisha njia hii kwanza. Hatukuitoa kwenye karatasi yoyote.

Njia yoyote utakayochagua, baada ya kufuma santimetre 10 simama upime tena. Mkono wa mwanafunzi hubadilika. Msichana tuliyemtaja alikuwa na kipande cha jaribio cha santimetre 8. Mwezi mmoja baadaye, kwa uzi na sindano zile zile, vitanzi 20 vilifikia 9. Alikuwa amezoea kazi, na pengine alikuwa ameanza kulala. Ilibidi apunguze vitanzi katika kipande cha pili, na hakuna karatasi ambayo ingemwambia hivyo.

Kichwa na mabega

Karatasi ilisema "shona mabegani" bila kusema zaidi, na hapo tulipata aibu ya pili. Kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa kwa mwili wake: katika miaka miwili mzunguko wa kichwa hukaribia ule wa kifua. Visibao vya kwanza vilivyoshonwa mabega yote mawili vilikataa kupita masikioni, na mtoto mmoja alilia hata jirani wakaja kuuliza.

Fanyeni hivi. Kwenye kipande cha upana wa 28, hesabu santimetre 6 kila upande kwa mabega, zitabaki 16 za shingo. Shona bega la kulia tu. Bega la kushoto liache wazi, weka vifungo viwili na vitanzi vya uzi vya kuvishikia, au kamba mbili za kufunga. Unapofunga vitanzi upande wa shingo usikaze. Ukijua mkono wako ni wa kukaza, tumia sindano nene zaidi kwa mstari huo mmoja. Kabla ya kushona chochote, shikiza kwa pini, mvishe mtoto, umvue.

Pembeni shona kutoka chini kwenda juu santimetre 17, uache 13 wazi kwa mkono. Shona kwa uzi ule ule wa kisibao, ukishika kingo kwa kingo bila kuvuta. Mwakani mtoto akirefuka, unaweza kuokota vitanzi kwenye ukingo wa chini na kuongeza, hata kwa rangi nyingine.

Neno kwa viongozi wa komite

Mwaka 1999 Mary Anderson, Mmarekani aliyechunguza misaada katika nchi zenye vita, alitoa kitabu kinachoonyesha kwamba msaada unaoingia penye mgogoro unakuwa sehemu ya mgogoro huo, hata ukiwa na nia njema. Tulilisoma hilo chuoni na tukafaulu mtihani. Halafu tukagawa nyuzi na karatasi moja, tukashangaa.

Kwa hiyo tunawaomba mambo machache. Nyuzi zigawanywe baada ya vipande vya jaribio, wala si kabla, ili watu waone kwa macho kwamba mikono inatofautiana kabla nguo hazijatofautiana. Sindano za unene mmoja ziende kwa wote, na zipimwe mbele ya wote. Mwenyeji aketi karibu na mkimbizi tangu siku ya kwanza, si kila upande na benchi lake. Familia pokezi ambayo imegawana sahani na godoro isiambiwe kwamba uzi ni wa waliokimbia tu. Watoto wao pia wanasikia baridi, na wanaona nani amevaa. Msihesabu kazi ya mama kwa ukubwa wa nguo aliyoleta. Na mkisikia uvumi wa nyuzi, msikimbilie mizani. Waambieni wawili wanaolalamikiana wabadilishane uzi na sindano, wafume vitanzi 20 kila mmoja, mbele ya watu.

Mama aliyerudisha uzi alikuja siku ya tano. Hakusema kitu. Aliketi, akaanzisha vitanzi 20, na mama mzee akamsogezea kiti. Kisibao chake kilihitaji vitanzi 72. Alikifuma kwa mistari ya kijani na kahawia, kwa sababu kijani ilikwisha na mwenyeji mmoja alikuwa na kahawia iliyobaki. Kifungo kimoja cha begani ni cha shati la mumewe.

Kwa kikao chenu kijacho, kila mmoja alete kipande cha vitanzi 20 kilichofuliwa na kukauka, na kamba yenye kipimo cha kifua cha mtoto mmoja. Viwekeni juu ya meza moja bila majina. Jaribuni kukisia ni kipande cha nani, kisha kila mwenyewe achukue chake na kuhesabu vitanzi vyake.